William Hunter na Gegedu ya Goti

Muhula uliopita niliumia goti katika mpira wa mabweni, nikapelekwa hospitali kupigwa picha kwa ile mashine ya sumaku iitwayo MRI. Daktari alinionyesha ukanda mwembamba juu ya ncha ya mfupa, akaniambia hiyo ndiyo gegedu, nayo imekwaruzika. Niliporudi, mwalimu wetu wa Baiolojia alinipa kitabu chenye habari za William Hunter, nami nawasimulieni.

Hunter alizaliwa mwaka 1718 huko Long Calderwood, Uskoti, mtoto wa saba katika watoto kumi. Alipokuwa na miaka 13, umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow ili awe kasisi. Kazi hiyo haikumwingia moyoni. Akajifunza utabibu kwa Daktari William Cullen, kisha akaenda London.

Mwaka 1743, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, makala yake juu ya gegedu ilisomwa mbele ya Royal Society. Atakaye kuijua gegedu na atazame ncha ya mfupa wa mbuzi: ni ile sehemu nyeupe yenye kuteleza. Hunter aliona kuwa ina nyuzi zilizosimama juu ya mfupa, zimesongamana kama manyoya ya kitambaa cha mahameli. Leo twajua kuwa nyuzi za chini zimesimama hivyo, lakini za juu kabisa zimelala. Mashine ya sumaku huyapata hayo bila kisu: hupokea ishara kutoka katika maji yaliyomo ndani ya gegedu, na ishara hiyo hubadilika kwa jinsi nyuzi zilivyoelekea.

Alieleza pia jambo zito, kwamba gegedu ikiisha kuharibika hairudi. Haina mishipa ya damu ndani yake. Madaktari wanahangaika na jambo hilo hata leo.

Baadaye alifungua shule ya elimu ya mwili, na mwaka 1764 akawa tabibu wa Malkia Charlotte. Mdogo wake John, aliyemfundisha kazi mwenyewe, aligombana naye juu ya nani aliyegundua kwanza habari za kondo la nyuma, wala William hakumwachia kitu katika wasia. Hilo silipendi. Alikufa tarehe 30 Machi, 1783.

Nami nimekatazwa kukimbia hadi mwisho wa muhula. Bweni letu litacheza fainali bila mimi. Nitakuwa pembeni nikiandika magoli.