Yusuf bin Hassan: Mfalme wa Mombasa Aliyelelewa na Watawa

Mto Lumemo unaopita hapa kwetu Ifakara huingia Kilombero, Kilombero huenda kuungana katika Rufiji, nao Rufiji huishia Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Sisi wa bara, basi, hatuko mbali na bahari kama tunavyodhani. Pembe za ndovu zilizojaza majahazi ya pwani zilitoka bara, na kwa ajili ya mali hiyo mataifa ya mbali yaligombea bandari za Waswahili kwa mizinga. Katika ugomvi huo alizaliwa mtu ambaye maisha yake yanapaswa kutufikirisha sisi Wakristo. Jina lake ni Yusuf bin Hassan, na jina lake la ubatizo ni Dom Jerónimo Chingulia, Mfalme wa Mombasa.

Ili tumwelewe, yatupasa kwanza kuielewa bahari ya siku zake. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498. Walikuwa wachache, wasiweze kuzitawala nchi nzima nzima, hivyo walichagua kushika malango ya bahari: Goa kule Uhindi, Hormuz katika Ghuba ya Uajemi, na kisiwa cha Msumbiji. Kila chombo cha biashara kilitakiwa kuwa na hati yao ya kusafiria na kulipa ushuru. Kilichokosa hati kilihesabiwa kuwa cha adui. Waturuki wa Osmani walijaribu kuuvunja mpango huo. Nahodha wao, Mir Ali Bey, alishuka pwani mara mbili katika miaka ya 1580, na mwaka 1589 manowari zilizotoka Goa zilimshinda na kumkamata Mombasa. Baada ya hapo, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya mhandisi Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Mfalme wa Malindi, rafiki yao wa muda mrefu, walimhamishia Mombasa ili aitawale.

Urafiki huo haukudumu. Makapteni wa ngome walitaka mapato yote ya bandari, na Mfalme Hassan, baba yake Yusuf, aligombana nao juu ya haki zake. Alipoona maisha yake yamo hatarini, alikimbilia bara, kwa watu wa Rabai. Huko aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya kapteni, na kichwa chake kikapelekwa Goa.

Mwanawe Yusuf alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Walimfundisha kusoma na kuandika, wakamfundisha katekisimu, akabatizwa. Hatuna sababu ya kutilia shaka nia njema ya watawa hao. Lakini wakuu wa serikali walikuwa na hesabu yao: walitaka mfalme Mkristo atakayewashikia Mombasa bila gharama ya jeshi kubwa. Kijana akakua, akatumikia katika manowari za Wareno, akajifunza kazi ya mizinga. Akaoa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kukalia kiti cha baba yake. Mwaka uliofuata alituma barua ya utii kwa Baba Mtakatifu Urbano wa Nane.

Wakati huo nguvu za Wareno baharini zilikuwa zimekwisha kutikisika. Mwaka 1622 Waajemi, wakisaidiwa na merikebu za Waingereza, waliwanyang'anya Hormuz. Kila bandari iliyobaki iliongezeka thamani, na kwa sababu hiyo makapteni walizidi kuwa wakali. Yusuf akajikuta kati ya watu wawili wasiomwamini. Raia zake Waislamu walimwona mgeni aliyevaa na kuishi kizungu. Kapteni naye alimdharau kama mtumishi tu. Kila siku alikaa chini ya kivuli cha ngome ya watu waliomuua baba yake, wala hakuna aliyekuwa amemwomba radhi kwa damu ile. Ikawa anakwenda kwa siri kwenye kaburi la baba yake na kusali kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikamfikia Kapteni Pedro Leitão de Gamboa, aliyekusudia kumkamata na kumpeleka Goa kuhukumiwa.

Katikati ya Agosti 1631, siku za Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kumjulia hali kapteni, akamuua kwa mkono wake. Ngome iliyojengwa kuzuia manowari za Waturuki ilitekwa kupitia mlango wake wenyewe, bila mzinga mmoja kutoka baharini. Mfalme akautangaza Uislamu wake. Wakristo, Wareno kwa Waafrika, wakatakiwa kuchagua kati ya kuikana imani na kufa. Wengi walichagua kufa, wakiwemo mapadre, wanawake na watoto. Ushuhuda wa kifo chao ulikusanywa na kupelekwa Roma, na hadi leo wanakumbukwa kama Mashahidi wa Mombasa. Dhuluma aliyotendewa Yusuf haiwezi kuhalalisha damu ya watu hao wasio na silaha.

Januari 1632 manowari zilifika kutoka Goa kuizingira Mombasa. Yusuf, aliyefundishwa mizinga na Wareno wenyewe, aliwazuia hadi wakaondoka mwezi Machi. Hata hivyo alijua watarudi. Mwezi Mei aliubomoa mji, akachukua mizinga, akaondoka baharini katika chombo alichokiteka. Tangu hapo mfalme akawa haramia, akizunguka kati ya Bahari ya Shamu, Bukini na Visiwa vya Komoro, hadi alipouawa katika Bahari ya Shamu mwaka 1638. Wareno walirudi Mombasa mwaka 1632 na kuitengeneza ngome upya, ila mioyo ya watu wa pwani hawakuipata tena. Waarabu wa Oman walipoteka Maskati mwaka 1650, Waswahili waliwaita waje kuwasaidia. Mazingira ya Ngome ya Yesu yalianza Machi 1696, na ilipoanguka Desemba 1698, walinzi wake walikuwa wamekwisha kuteketea kwa njaa na maradhi.

Twajifunza nini? Wareno waliamini kwamba usalama wa bahari hutokana na kuta, mizinga na mfalme wa kuwatii. Vyote hivyo walikuwa navyo mwaka 1631. Kilichokosekana ni haki kwa wenyeji, na kwa kukosekana hiyo hata sakramenti ilionekana machoni pa watu kuwa ni silaha nyingine ya serikali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, unafundisha kwamba mtu asilazimishwe kuipokea imani kinyume cha hiari yake. Fundisho hilo linatugusa hata sisi tunaosimamia wakatekumeni, tunaofungisha ndoa za mseto, na tunaoishi jirani na ndugu Waislamu katika bonde hili. Mtoto anayeletwa kwenye kisima cha ubatizo huja na majeraha ya nyumbani kwake, na ni wajibu wetu kuyauliza na kuyauguza kabla ya kumdai uaminifu.

Tuwaombee marehemu wote wa Mombasa, mashahidi pamoja na yule aliyewaua, kwani hukumu ya mwisho ni ya Mungu peke yake.