Matt Talbot: Mlevi Aliyeinuliwa na Neema

Leo nawaletea mtu ninayempenda sana, Matt Talbot wa Dublin, Ayalandi. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa kibarua tu.

Alizaliwa mwaka 1856 katika familia maskini yenye watoto wengi. Akiwa na miaka 12 alipata kazi kwa wafanyabiashara wa pombe, na hapo hapo akaanza kuonja. Onja onja ikawa ulevi. Kwa miaka kama 16 mshahara wake uliishia baa. Pesa zikiisha alikopa, aliweka rehani hata viatu. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla ombaomba mmoja wa mtaani, wakaiuza wapate kunywa.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuwa na hata senti. Akasimama nje ya baa akitegemea marafiki wamnunulie, maana na yeye alikuwa akiwanunulia. Wakampita tu! Iliuma. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anaacha pombe. Akaenda seminari ya Holy Cross, Clonliffe, akaungama na kuweka nadhiri ya kutokunywa kwa miezi mitatu.

Hapa ndipo napendaga kutulia. Hakuahidi maisha yote kwa siku moja. Alianza na miezi mitatu, akaongeza sita, kisha maisha yote. Na jamani, haikuwa rahisi. Kiu ilimtesa kweli. Lakini jioni, saa zile za baa, alijificha kanisani. Asubuhi mapema alikuwa Misani kabla ya kazi. Aliacha kutembea na pesa mfukoni ili asijaribiwe. Alilipa madeni yake. Yule mwenye fidla alimtafuta sana bila kumpata, basi akatoa pesa ziombewe Misa kwa ajili yake.

Alidumu hivyo miaka 41, hadi tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, alipoanguka na kufa njiani akienda Misani. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa.

Mimi najifunza hivi: sala haikumwondolea Matt mapambano, ilimpa nguvu ya kupambana. Alisali, na pia alikwepa njia za kumwangusha. Vyote viwili.

Kama umefungwa na pombe, bangi, kamari au picha chafu, usijifiche, maana siri ndiyo inayolisha kifungo. Nenda kitubio wiki hii. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Ukihitaji daktari au mshauri, nenda. Hiyo siyo kukosa imani. Halafu anza na leo tu. Kesho utamwomba Mungu tena.

Matt alianza na miezi mitatu. Wewe anza na siku moja.