Messerschmitt: Alikatazwa kuunda ndege kwao, akaenda kuwaundia Wahispania

Ukimtaja Willy Messerschmitt, wapenzi wa historia ya vita watakutajia Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani iliyoundwa zaidi ya 33,000. Wengine watataja Me 262, ndege ya kwanza ya kivita ya jeti kutumika vitani.

Wachache watakutajia Saeta, yaani mshale kwa Kihispania. Ilikuwa ndege ya mafunzo tu, ya viti viwili. Lakini ndiyo iliyomrudisha kwenye kazi yake.

Messerschmitt alizaliwa Frankfurt, Juni 26, 1898. Vita vilipokwisha mwaka 1945 akakamatwa. Kilichomponza si michoro ya ndege. Viwanda vyake vilitumikisha wafungwa wa kambi za mateso kama watumwa, na mwaka 1948 mahakama iliyokuwa ikiwachuja watu wa utawala wa Hitler ikamkuta na hatia. Miaka miwili ilimkatikia ndani.

Kutoka nako kukawa na yake. Mataifa yaliyoshinda vita yalikuwa yameipiga marufuku Ujerumani kuunda ndege, hivyo kampuni yake ikageukia nyumba za vipande na cherehani. Mtu wa jeti, sasa anauza cherehani!

Mwaka 1951 mlango ukafunguka Hispania. Nchi hiyo, chini ya Jenerali Franco, ilitaka jeti yake yenyewe lakini uzoefu haikuwa nao. Kampuni ya Hispano Aviación ya Seville ilikuwa tayari inaunda Bf 109 kwa leseni, kwa hiyo mzee hakuwa mgeni pale.

Akaanza na ndege ya pangaboi, HA-100 Triana. Ilipofika zamu ya jeti hakutupa kazi ile: alichukua sehemu nyingi za Triana, akafunga injini mbili ndogo za Marboré kutoka Ufaransa.

Ujanja wake ulikuwa mahali pa kuziweka. Zote mbili zilikaa puani, ubavu kwa ubavu. Hewa inaingilia mbele, moshi unatokea pembeni, nyuma ya mabawa. Kwa kuwa zimekaribiana hivyo, moja ikizima angani ndege haivutwi sana upande mmoja. Kwa mwanafunzi ambaye bado mikono inamtetemeka, hilo si jambo dogo.

Saeta iliruka mara ya kwanza Agosti 12, 1955, ikawa jeti ya kwanza kuundwa Hispania. Mwaka huohuo Ujerumani nayo ikaruhusiwa tena kuunda ndege.

Misri ya Gamal Abdel Nasser ikaipenda, ikachukua leseni na kuiunda Helwan, karibu na Kairo, kwa jina la Al-Kahira. Wamisri wakachukua pia HA-300, ndege ya kivita ambayo Messerschmitt aliianzia Hispania. Hiyo iliruka mwaka 1964, lakini mradi ukafutwa 1969 kabla haijaingia jeshini.

Saeta nayo haikubaki darasani. Hispania ilizifunga silaha baadhi yake, na miaka ya 1970 zikatumika dhidi ya wapiganaji wa Polisario huko Sahara Magharibi.

Messerschmitt alifariki Munich, Septemba 15, 1978, akiwa na miaka 80.