Mahalanobis, Mtaalamu Aliyewapima Wengi kwa Wachache

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha tasnifu za wanafunzi bila shaka amekutana na kosa hili. Mtafiti chipukizi huenda katika kijiji kimoja, akahoji watu mia, kisha akatangaza kwa fahari kwamba ameijua hali ya kaunti nzima. Ukimtaka aeleze, atakujibu kwamba watu mia si haba. Hajui kuwa watu mia wa kijiji kimoja, wanywao maji ya kisima kimoja na kusali pamoja, huenda wasimfunze zaidi ya ambayo angefunzwa na kumi waliotawanyika. Ndiyo maana leo ningependa tumkumbuke marehemu Profesa Prasanta Chandra Mahalanobis wa India, ambaye kazi yake ilitufumbua macho juu ya jambo hilo.

Mahalanobis alizaliwa Calcutta tarehe 29 Juni 1893. Alisoma fizikia katika Chuo cha Presidency mjini humo, kisha akavuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, ambako alihitimu mwaka wa 1915. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimechelewesha meli ya kumrejesha nyumbani, naye akawa anapitisha siku zake maktabani. Huko mwalimu mmoja alimwonyesha jarida la Biometrika, lililohusu matumizi ya takwimu katika elimu ya viumbe. Alivutiwa mno hata akanunua matoleo yake, akayasoma safarini. Alirudi kufundisha fizikia, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kutekwa na takwimu. Mwezi wa Desemba 1931, katika chumba chake pale chuoni, ilianza Taasisi ya Takwimu ya India, na mwaka wa 1933 akaanzisha jarida la Sankhya.

Kazi yake ya awali ilihusu vipimo vya miili ya wakazi wa Calcutta. Swali lilikuwa hili: makundi mawili ya watu yanakaribiana au kutofautiana kwa kiasi gani? Wahenga walinena kwamba Waarabu wa Pemba hujuana kwa vilemba. Lakini mwanasayansi hawezi kutosheka na kilemba kimoja. Atapima urefu, uzito, upana wa kichwa na mengineyo. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa aliye mrefu aghalabu huwa mzito pia. Ukihesabu tofauti ya urefu na ya uzito kana kwamba hazihusiani, umehesabu kitu kimoja mara mbili. Mwaka wa 1936 Mahalanobis alichapisha kanuni ya kupima umbali baina ya makundi huku ikizingatia jinsi vipimo vinavyoandamana. Kanuni hiyo ina jina lake hadi leo, na hutumiwa na watafiti wa tiba na wa sayansi nyingine wanapotaka kupanga vitu katika makundi au kutambua kisicholingana na vingine.

Sisi wanaisimu tunaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Mzungumzaji wa Kimvita husema mato, kitwa na teka pale Kiswahili sanifu kinaposema macho, kichwa na cheka. Je, hizo ni tofauti tatu? La hasha. Ni tofauti moja ya sauti iliyojitokeza mara tatu. Anayezihesabu tatu ataziona lahaja hizo mbili kuwa mbali kuliko zilivyo.

Hata hivyo, kazi iliyomletea sifa kubwa zaidi ilifanyika mashambani. Kuanzia mwaka wa 1937 alipewa jukumu la kukadiria ukubwa wa mashamba ya juti, mmea wa nyuzi za magunia, katika jimbo la Bengal. Kulipima kila shamba kungegharimu fedha nyingi na jeshi la makarani. Badala yake alichagua kwa bahati nasibu miraba midogo kwenye ramani, akawatuma watu wake wakague kila shamba lililomo ndani ya mraba uliochaguliwa. Kila mraba ulikuwa kama kishada cha mashamba. Lakini uwe na ukubwa gani? Mraba mkubwa humpunguzia karani mwendo, ila mashamba jirani hufanana, hivyo habari mpya huwa chache. Miraba midogo mingi iliyotawanyika hufunza zaidi, ila nauli na muda hupanda. Mahalanobis aliipima gharama dhidi ya kosa, akatafuta mizani baina yake.

Aidha, hakuwaamini makarani kwa macho tu. Eneo lile lile alilichagulia sampuli mbili zilizo huru, na kila moja akaikabidhi kwa kikosi chake. Matokeo yakipishana mno, alijua kwamba kuna mahali kazi imeharibika. Aliona wazi kuwa hesabu kubwa iliyofanywa kwa uzembe hupotosha kuliko sampuli ndogo iliyosimamiwa vyema. Na hayo hayakuwa mambo ya karatasi tu. Baada ya njaa kuu ya Bengal ya mwaka wa 1943, iliyoangamiza mamilioni ya watu, yeye na wenzake walitumia sampuli kuchunguza jinsi familia za vijijini zilivyofilisika.

Mwaka wa 1945 alichaguliwa katika Royal Society ya London. Mwaka wa 1950 India ilianzisha Uchunguzi wa Sampuli wa Kitaifa kwa juhudi zake. Si kwamba hakuwa na lawama: mpango wa pili wa maendeleo wa India, wa 1956 hadi 1961, aliousanifu, ulikosolewa kwa kupendelea viwanda vizito na kukipuuza kilimo. Alifariki tarehe 28 Juni 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79.

Nasi Kenya tu warithi wa fikra za aina hiyo. Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka wa 2022 ulichagua vishada 1,692, na katika kila kishada kaya 25. Wapangaji wake hawakuchota kaya hizo zote katika kaunti chache, wala hawakusahau kwamba majirani hufanana.

Basi mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea tasnifu yenye watu mia, usimsifu kwanza kwa wingi wao. Muulize wametoka katika vijiji vingapi, nani aliwachagua, na ni nani aliyemkagua mkaguzi. Takwimu za utafiti huamua dawa ipelekwe wapi na chakula kigawiwe nani. Anayekosea kuhesabu hapunguziwi alama tu. Pengine humnyima mgonjwa zahanati.