Marshall Field: Duka limepoteza jina, makumbusho yamebaki

MARSHALL Field alizaliwa mwaka 1834 katika familia ya wakulima huko Conway, jimbo la Massachusetts, Marekani. Akiwa na miaka 17 aliacha shamba akaenda kuuza dukani katika mji wa Pittsfield.

Mwaka 1856 alihamia Chicago, mji uliokuwa ukipanuka haraka kwa biashara ya nafaka na mifugo. Aliajiriwa katika duka la jumla la vitambaa kwa dola 400 kwa mwaka. Inaelezwa kuwa alilala humo humo dukani ili kukwepa kodi ya chumba, akaweka akiba nusu ya mshahara.

Mwaka 1865 aliingia ubia na Levi Leiter na Potter Palmer. Oktoba 1871 moto mkubwa wa Chicago uliteketeza duka lao. Baada ya wiki chache walikuwa wakiuza tena, safari hii ndani ya banda la farasi. Mwaka 1877 duka liliungua mara ya pili, wakaanza upya. Mwaka 1881 Field alinunua hisa za Leiter na duka likaitwa Marshall Field & Company.

Mteja asiyeridhika alirudisha bidhaa akapewa fedha zake. Utaratibu huo ulianzishwa na Palmer, Field akaukuza. Yeye mwenyewe alinunua mali kwa fedha taslimu, na wenye maduka ya vijijini waliochukua kwake kwa mkopo walitakiwa kulipa kwa tarehe. Hata hivyo, kwa wafanyakazi hakuwa mwepesi: alipinga vikali vyama vyao.

Baada ya Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893, wananchi walitaka vitu vilivyoonyeshwa vihifadhiwe. Mwanzoni Field alikataa kuchangia. Mfanyabiashara mwenzake, Edward Ayer, alimshawishi hadi akatoa dola milioni 1. Alipofariki Januari 16, 1906, wosia wake uliyaachia makumbusho hayo dola milioni 8, zilizowezesha kujengwa kwa jengo lililofunguliwa mwaka 1921. Mpwa wake, Stanley Field, aliyaongoza tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1964.

Humo ndimo walimo simba wawili wa Tsavo, waliowaua wajenzi wa reli ya Uganda nchini Kenya mwaka 1898. Mhandisi John Patterson aliyewapiga risasi alizitandika ngozi zao sakafuni kwa takriban miaka 25, kisha akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Kenya zimesikika sauti zinazotaka simba hao warudishwe nyumbani.

Mwaka 2006 jina la Marshall Field liliondolewa madukani, mahali pake likawekwa la Macy's. Jina la mtoto huyo wa mkulima limebaki kwenye mlango wa makumbusho, kwa fedha ambazo awali hakutaka kuzitoa.