Sir Edward Bullard na Pendulamu Yake Katika Bonde la Ufa

Mwenye kutoka Adams Arcade akaishika barabara ya Ngong hadi vilimani, huliona Bonde la Ufa limefunguka mbele yake. Wengi wetu hulitazama tukapita. Leo tumependa kuyaeleza maisha ya mtu aliyelipima.

Edward Bullard alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1907, katika jamaa ya wenye kiwanda cha pombe. Hakuifuata kazi hiyo. Alisoma Cambridge, akashika elimu ya maumbile ya ardhi. Mwaka 1933 na 1934 alizunguka Afrika Mashariki akiwa na pendulamu, yaani kitu kilichoning'inizwa kikayumba huku na huku, kama ilivyo katika saa kubwa ya ukutani.

Yafaa tuifahamu hesabu yake. Kitu kikiinuliwa huweka akiba ya nishati. Kikiachwa, akiba hiyo hugeuka mwendo, na kikipanda upande wa pili mwendo hugeuka akiba tena. Hakuna kilichopotea ila kidogo kinacholiwa na hewa na msuguano. Uzito wa kitu umo pande zote mbili za hesabu, basi hujifuta. Hubaki kimo na mvutano wa ardhi tu. Kikishuka sentimita 20, hupita chini kwa mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde, kiwe kizito au chepesi. Mvutano ukipungua, mwendo hupungua, na muda wa kuyumba hurefuka. Kwa hiyo mwenye pendulamu ya urefu usiobadilika, na saa ya kweli, aweza kuupima mvutano popote asimamapo.

Bullard alipokwisha kutoa hesabu ya kimo cha kila mahali, aliona kwamba mvutano katika Bonde la Ufa ni pungufu. Katika maandishi yake ya mwaka 1936 alitoa rai kwamba kingo za bonde zinasukumana, na kulibana lisiinuke. Wataalamu wa baadaye walithibitisha kinyume: ardhi inavutwa pande mbili, na bonde linatanuka milimita chache kila mwaka. Rai iliachwa, lakini vipimo vilibaki, na waliokuja nyuma yake walivitumia.

Wakati wa vita vikuu vya pili alifanya kazi ya kuzikinga meli na mabomu ya sumaku. Mwaka 1953 alipewa cheo cha Sir. Mwaka 1965, pamoja na Everett na Smith, alionyesha kwa kompyuta jinsi Afrika na Amerika ya Kusini zinavyooana kingo kwa kingo, kazi iliyotilia nguvu kauli kwamba mabara yaliungana kisha yakatengana. Alifariki California mwaka 1980.

Ndugu zetu, tuwafunze vijana wetu kupambanua mambo haya mawili: kipimo kilichochukuliwa kwa uaminifu, na rai iliyojengwa juu yake. Rai ya mkubwa yaweza kuanguka, wala haki haivunjiki kwa kuanguka kwake. Mwenye shaka na achukue uzi na jiwe, apime mwenyewe.