Charles Goodyear: Msee wa raba aliyededi akiwa na madeni hadi shingoni

Simama kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela uhesabu matairi yanayopita: matrela ya mizigo, mathree, nduthi. Mengine yameandikwa Goodyear kwa herufi kubwa. Wasee wengi hudhani huyo Goodyear alikuwa sonko aliyeanzisha kampuni na kuomoka vibaya. Zii! Charles Goodyear hakuwahi kumiliki hiyo kampuni, na alipokufa alikuwa anadaiwa karibu dola 200,000. Lakini raba unayokanyagia leo ilianzia kwake.

Alianza kwa kuanguka

Charles alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800, mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Babake alikuwa fundi na mfanyabiashara wa zana za shamba. Mwaka wa 1824 kijana akamuoa Clarissa Beecher, kisha wakahamia Philadelphia na kufungua duka la vifaa vya chuma. Kufikia 1830 biashara ilikuwa imezama kwa madeni. Enzi hizo ukishindwa kulipa, unawekwa ndani. Charles aliingia jela, akatoka, akarudi, mpaka ikawa kama keja yake ya pili.

Mwaka wa 1834, akiwa New York, aliona boya la mpira kwenye duka la kampuni ya Roxbury. Akaona valvu yake ni mbovu, akaenda akaunda nyingine poa zaidi ili awauzie. Meneja akampa ukweli mchungu: shida haikuwa valvu, ilikuwa mpira wenyewe.

Wakati huo mpira ulikuwa utomvu mkavu wa miti ya Amerika Kusini. Baridi ikiingia, unakauka na kupasuka. Jua likiwaka, unayeyuka, unanata na kunuka vibaya. Hebu waza kuvaa kiatu kama hicho saa nane mchana Kajiado! Makampuni yaliyomwaga doh kwenye mpira yalikuwa yanafunga moja baada ya nyingine.

Charles hakuwa amesomea kemia hata kidogo. Lakini aliporudi jela kwa deni, alianza kukanda mpira humo humo ndani, kama mtu wa chapo.

Miaka mitano ya kuchomeka

Alijaribu kila unga aliopata. Alichanganya na magnesia, akaunda viatu, joto likaviyeyusha. Akajaribu chokaa. Akajaribu asidi ya naitriki, na siku moja mvuke wa majaribio yake nusura umuue. Hiyo asidi ilifanya mpira uwe laini juu, na mwaka wa 1837 serikali ikampa oda ya mifuko 150 ya kubebea barua. Akaiunda, akaianika kwenye chumba chenye joto, akasafiri na familia. Kurudi, mifuko ilikuwa imeyeyuka yote. Oda ikapotea.

Kisha akakutana na Nathaniel Hayward, aliyekuwa anachanganya mpira na salfa. Charles akanunua haki za wazo hilo. Mwaka wa 1839, huko Woburn, Massachusetts, kipande cha mpira wenye salfa kikagusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, kikaungua kidogo pembeni kama ngozi. Akakitoa nje kwenye baridi: bado kilikuwa kinapinda! Bahati? Ndio, lakini bahati ilimpata mtu ambaye alikuwa amelitafuta jibu kwa miaka mitano.

Kilichotokea pale ni hiki. Mpira ni polima, yaani minyororo mirefu sana ya molekuli. Bila salfa, hiyo minyororo inateleza kama tambi kwenye sufuria, ndiyo maana joto kidogo linaiyeyusha. Ukitia salfa na moto, salfa inaifunga minyororo kwa mafundo. Sasa unaweza kuivuta, na inarudi pale ilipokuwa. Kazi hiyo huitwa vulkanaizesheni.

Mafundo hayo hayafunguki kirahisi. Ndiyo maana tairi kuukuu huwezi kuliyeyusha na kulimimina upya kama chupa ya plastiki. Fundi wa jua kali analijua hili bila kusoma kemia: yeye hukata tairi kwa kisu na kutengeneza akala. Wafugaji wa Kimaasai wamezivaa miaka na mikaka kwenye miiba ya Kajiado, na bado akala inadunda.

Na ule weusi wa tairi? Hiyo ilikuja baada yake, mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi walipogundua kuwa masizi laini yanaongezea mpira nguvu. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupimwa kwa nanomita. Kwa hivyo wakati wanasayansi wa leo wanapiga domo kuhusu nanokompoziti, akala ya mfugaji tayari ni mojawapo.

Nani alilipa?

Hapa ndipo stori inauma. Wakati Charles anakimbizana na raba, kejani hakukuwa na kitu. Aliuza fanicha, aliuza hadi vitabu vya shule vya watoto wake. Familia iliishi kwa huruma ya majirani. Watoto wake kadhaa walikufa wakiwa wadogo. Jina la Clarissa haliko kwenye tairi lolote, lakini bila yeye kuvumilia, hakuna kitu kingetoka.

Charles alipata hataza yake ya Marekani tarehe 15 Juni 1844. Alikuwa amechelewa upande wa pili. Sampuli zake zilikuwa zimefika Uingereza, Thomas Hancock akaona dalili za salfa juu yake, na akawasilisha ombi lake huko wiki chache kabla ya Charles. Uingereza ikapotea. Nyumbani nako wezi wa wazo walikuwa wengi. Kwenye kesi kubwa ya 1852 dhidi ya Horace Day, alishinda, lakini wakili wake Daniel Webster alilipwa dola 15,000.

Mwaka wa 1855 alienda Paris kwa maonyesho makubwa. Akafungwa tena kwa deni, na nishani ya heshima ya Ufaransa ikamfikia akiwa jela.

Tarehe 1 Julai 1860 alikuwa anasafiri kumuona bintiye aliyekuwa mgonjwa mahututi. Alipofika New York aliambiwa ameshafariki. Charles akazirai, naye akafa. Alikuwa na miaka 59.

Miaka 28 baadaye, Dunlop akaunda tairi la upepo na dunia ikawa na kiu ya mpira. Waliolipia kiu hiyo ni pamoja na majirani zetu wa Kongo, ambako watu wa Mfalme Leopold II waliwalazimisha wanavijiji kugema mpira msituni, na walioshindwa walikatwa mikono au kuuawa. Mwaka wa 1898 Frank Seiberling akafungua kampuni ya matairi Akron, Ohio, akaipa jina la Goodyear kama heshima tu. Familia haikuwa na hisa yoyote humo.

Mitandaoni utaambiwa usikate tamaa, hasla italipa. Ya Charles ililipa kweli, ila haikumlipa yeye. Kama una wazo lako, komaa nalo, lakini peleka karatasi KIPI mapema kabla ya kumwonyesha kila msee. Na kabla hujauza kitabu cha mtoto ili ununue salfa, muulize kwanza anayelala njaa pamoja na wewe.